Kibarua asiye na barua

Apitaye Shimanzi kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi atawakuta wamekwisha kufika. Wamejipanga kando ya malango ya maghala, baadhi yao wamechutama ukutani, kila mmoja na gunia tupu la kujitandazia begani. Malori yaliyoteremka kutoka bara na shehena za chai yanangoja zamu, na harufu ya mafuta inachanganyika na ile ya mahamri ya akina mama wauzao chai. Lango linapofunguliwa hutoka nyapara. Hasemi mengi, hunyoosha kidole tu. Wewe, wewe, na yule wa nyuma. Walionyoshewa kidole huingia, na waliosalia hungoja hadi jua likachomoza sawasawa, kisha hutawanyika kuelekea Makande na Tononoka. Nimeipita njia hiyo kwa miaka mingi, na nakiri kwamba kwa muda mrefu niliwatazama watu hao kama mtu atazamavyo nguzo za taa.

Majuzi mmoja wao alinisimamisha karibu na reli ya zamani. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye madaftari manne ya shule. Kwa muda wa miaka sita, akaniambia, alibeba magunia katika ghala lilelile, chini ya nyapara yuleyule. Kila jioni alimtajia binti yake idadi ya magunia aliyoyabeba na fedha alizolipwa, naye mtoto akaandika. Mchezo huo ulianza binti akiwa bado shule ya msingi, kama zoezi la hesabu. Sasa yuko sekondari na mwandiko umenyooka. Mwezi wa Agosti mwaka juzi nyapara alimwambia baba yule, "Kesho usije." Hakukuwa na notisi wala malipo ya likizo, wala hata neno la ahsante. Alipokwenda kulalamika aliulizwa barua ya ajira iko wapi, na hati ya mshahara iko wapi. Hakuwa nazo. Ndipo akaniuliza, "Mwalimu, daftari la mtoto ni ushahidi?"

Sikuwa na jawabu la haraka. Swali hilo nilikwenda nalo nyumbani, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Walimu wa Kiswahili wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba kibarua ni barua ndogo. Wanahistoria wa Pwani wanatueleza kwamba katika karne ya 19, hapa Mombasa na kule Unguja, matajiri walikuwa wakiwatoa watumwa wao wakafanye kazi za kutwa kwa wafanyabiashara wa mjini. Mtumwa alipewa kijikaratasi, na kijikaratasi hicho ndicho kilichoshuhudia kwamba amefanya kazi. Kwacho ujira ulilipwa, na sehemu yake ikaenda kwa bwana. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na katika Pwani ya Kenya mwaka 1907, jina lilikuwa limekwisha kuhama kutoka kwenye karatasi na kumkalia mtu. Leo mtu tunaye, tena kwa maelfu, lakini karatasi imepotea. Ni jambo la kutia haya kwamba mtumwa wa kukodishwa alikuwa na hati ya kazi aliyoifanya, na raia huru wa Shimanzi hana. (Kurasa za michezo nazo hutuambia kwamba kibarua cha kocha fulani kimeota nyasi, ilhali kocha huyo ana mkataba mnene na wakili wa kumsomea. Laiti vibarua wote wangekuwa vibarua wa namna hiyo!)

Hata hivyo tusidhani kwamba kazi ya kutwa imekuwa daima laana kwa mfanyakazi. Frederick Cooper, mwanahistoria aliyetoa kitabu mwaka 1987 kuhusu bandari ya Mombasa, anaonyesha kwamba zamani wachukuzi wengi waliipenda. Mtu alifanya kazi siku azitakazo, na siku nyingine alikuwa shambani kwake au baharini. Waliokereka ni wakubwa wa bandari na serikali ya kikoloni, kwa sababu mtu asiyehofia kufukuzwa ni mgumu kutawaliwa. Tarehe 13 Januari 1947 mji ulisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na hata wa majumbani, waliacha kazi kwa karibu wiki mbili, wakikutana katika uwanja wa Majengo walioupa jina la Kiembeni. Kiongozi aliyejitokeza miongoni mwao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Septemba ikaja zamu ya Dar es Salaam, na mwaka 1948 zamu ya Unguja, mgomo ambao wanafunzi wengi wanaufahamu kupitia riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kuli.

Baada ya migomo hiyo, na ule wa Mombasa wa mwaka 1955 ambao Tom Mboya aliingia kuutafutia suluhu, wakubwa walikata shauri. Afadhali wafanyakazi wachache walioandikishwa, wanaolipwa kwa mwezi, wenye kitu cha kupoteza, kuliko umati usiojulikana jina. Uingereza yenyewe, mwaka uleule wa 1947, ilikuwa imeanzisha mpango wa kitaifa wa kuwaandikisha makuli wa bandari zake na kuwalipa kitu hata siku ambazo meli hazikuja. Kwa hiyo ajira ya kudumu bandarini ilizaliwa na hofu, na hofu ilipopungua, nayo ikaanza kupunguka. Makontena yalikuja, mashine moja ikafanya kazi ya genge zima. Mwaka 1989 serikali ya Margaret Thatcher iliufuta mpango ule wa makuli. Kwetu hapa kazi ya mikono haikutoweka. Sehemu yake kubwa imo katika maghala kama haya ya Shimanzi, mbali na gati, mahali ambapo sauti ya chama cha wafanyakazi haisikiki sana.

Sheria yetu haikulala. Mwaka 2007 Bunge la Kenya lilipitisha sheria tano za kazi kwa pamoja, na kubwa miongoni mwao ni Sheria ya Ajira, iliyoanza kutumika mwaka 2008. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo, kwa maoni yangu, kingestahili kubandikwa kwenye kila lango la Shimanzi. Kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kutarajiwa kwisha kabla ya siku zinazofikia miezi mitatu, si kibarua tena. Mkataba wake hugeuka kuwa wa kulipwa kwa mwezi, na hawezi kuachishwa bila notisi ya siku 28. Siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi, na sikukuu za taifa, zote huhesabiwa. Akipitisha miezi miwili anapata haki ambazo angalizipata kama hakuanza kwa kibarua: likizo ya siku 21 kwa mwaka, likizo ya ugonjwa, kusikilizwa kabla ya kufukuzwa. Katiba ya mwaka 2010 ikaja ikatia muhuri, kifungu cha 41, kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kutendewa uadilifu kazini.

Basi ikiwa sheria ni njema hivyo, kwa nini yule bwana anatembea na madaftari katika mfuko wa plastiki?

Jawabu limo katika yale ambayo sheria inayachukulia kuwa yamekwisha kujulikana. Kifungu cha 37 kinasaidia mtu akishathibitisha kwamba alikuwa pale, siku hizo, kwa mwajiri huyo. Ni kweli kwamba sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri aweke kumbukumbu, na kwamba mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na mwajiri asipouonyesha ndiye anayebeba mzigo wa kukanusha masharti yanayodaiwa. Lakini mlango wa kwanza, ule wa kuonyesha kwamba palikuwapo ajira hata kidogo, unamngoja mfanyakazi aufungue mwenyewe. Mwajiri mjanja naye anajua kuhesabu. Humchukua mtu wiki tatu, akampumzisha wiki moja, kisha akamwita tena, ili zile siku mfululizo zisitimie. Au huweka wakala katikati. Kibarua akiuliza ghalani anaambiwa mwajiri wako ni wakala. Akimtafuta wakala anakuta ofisi ni nambari ya simu.

Liko na tatizo la magunia yenyewe. Sheria inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Anayelipwa kwa idadi ya kazi, gunia kwa gunia, bila kujali muda, sheria inamweka katika fungu jingine, na kifungu cha 37 kinamtaja kibarua tu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani, katika shauri baina ya kampuni ya Krystalline Salt na wafanyakazi wake wa chumvi hapa Pwani, iliutilia mkazo mpaka huo. Sisemi kwamba majaji walikosea, walisoma kilichoandikwa. Ninachosema ni kwamba mtu aliyebeba magunia miaka sita kwa kulipwa shilingi kadhaa kwa gunia anaweza kukuta kwamba mlango aliodhani ni wake umeandikwa jina la jirani yake. Na wote wawili walinyoshewa kidole na nyapara mmoja, asubuhi moja.

Tuwatazame majirani. Uganda, katika kanuni zake za ajira za mwaka 2011, ilipiga marufuku kumweka mtu katika kibarua zaidi ya miezi minne. Akifika hapo anastahili mkataba wa maandishi. Mwezi wa Mei 2023 Bunge la nchi hiyo lilipitisha muswada wa kuirekebisha sheria ya ajira, lakini Rais Museveni alikataa kuutia saini. Tanzania imekwenda njia inayonivutia zaidi. Sheria yake ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaanza na dhana kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ishara moja tu kati ya kadhaa ipo: kwamba anaongozwa jinsi ya kufanya kazi, au anapewa vifaa, au anamtegemea mtu huyo kwa riziki, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Msomaji alipime hilo kwa mizani ya Shimanzi. Saa 45 kwa mwezi ni siku tano au sita tu za kubeba magunia! Hata hivyo mkono mwingine wa Tanzania umelegea kidogo: marekebisho ya mwaka 2025 yamepanua orodha ya kazi zinazoweza kufanywa kwa mikataba ya muda maalumu, ambayo hapo awali iliruhusiwa kwa wanataaluma na mameneja. Waajiri wamefurahi. Ngoja tuone miaka mitano ijayo.

Ng'ambo ya bahari mwelekeo ni uleule wa kuuhamisha mzigo wa ushahidi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kuhusu watu wanaopewa kazi kwa njia ya programu za simu, wapeleka vyakula na madereva. Nchi wanachama zimetakiwa kuweka dhana kwamba watu hao ni waajiriwa pale dalili za kuongozwa zinapoonekana, na kampuni ndiyo ithibitishe kinyume chake. India, ambayo iliziunganisha sheria zake nyingi za kazi katika kanuni nne na kuanza kuzitumia tarehe 21 Novemba 2025, imewataka waajiri wampe kila mfanyakazi barua ya kuajiriwa. Wapo vyama vya wafanyakazi vya huko vinavyozipinga kanuni hizo kwa sababu nyingine, hasa urahisi wa kufukuza watu, na sioni ubaya wa kuwasikiliza. Lakini katika jambo hili moja la barua, nadhani wamegusa penyewe.

Najua waajiri wa Shimanzi watanijibu nini, kwa kuwa baadhi yao wamekwisha kunijibu tukiwa kwenye kahawa. Wananiambia kwamba kazi ya ghala hupanda na kushuka. Meli ikichelewa, hakuna kazi. Chai ikipungua bara, hakuna kazi. Hata serikali haitabiriki: mwaka 2019 iliamriwa makontena yaende Nairobi kwa reli mpya, malori yakasimama na watu wa Mombasa wakaandamana, mwaka 2022 Rais Ruto akarudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo. Mwenye ghala atawaandikaje watu mia wa kudumu ilhali hajui mwezi ujao atakuwa na mzigo wa watu mia au ishirini? Isitoshe, kila aliyeandikishwa huja na makato yake, ya hifadhi ya jamii, ya bima ya afya, na tangu sheria ya mwaka 2024 ya nyumba nafuu, asilimia moja na nusu kutoka kwa kila upande.

Hoja hii si ya kudharauliwa. Anayedai kwamba kila aliyebeba gunia siku moja apewe pensheni anataka maghala yahamie kwingine. Lakini Hispania ilikuwa na shida hiyohiyo, tena kubwa kuliko yetu, kwa sababu ya utalii na mavuno. Takriban robo ya waajiriwa wake walikuwa na mikataba ya muda. Desemba 2021, baada ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi kukubaliana, ilifuta aina ya mkataba wa muda iliyokuwa ikitumiwa vibaya mno, na kutangaza kwamba kila mkataba huhesabiwa kuwa wa kudumu isipokuwa pana sababu mahususi iliyoandikwa. Kwa kazi za msimu iliimarisha mkataba wa kudumu wa vipindi: mtu ni mwajiriwa daima, lakini huitwa kazi ikiwapo, kwa utaratibu unaojulikana, na miaka yake haipotei. Miaka michache baadaye wenye mikataba ya muda walikuwa wameshuka wakawa kama mmoja kati ya sita. Wakosoaji husema kwamba mtu wa vipindi asiye na kazi mwezi huu bado hana kazi, hata akiitwa wa kudumu. Ni kweli. Ila anajua kwamba kazi ikirudi ataitwa yeye, wala hatasimama langoni akingoja kidole.

Kwa hivyo sidai kwamba kibarua afutwe. Nadai kwamba arudishiwe barua yake. Siku ya kwanza mtu anapoingia lango la ghala apewe karatasi, au ujumbe wa simu ikiwa karatasi ni ghali, yenye jina lake, jina la mwenye ghala na la wakala kama yupo, tarehe, na ujira. Asipopewa, neno la mfanyakazi lichukuliwe kuwa kweli hadi mwajiri atakapolikanusha kwa kumbukumbu zake. Na kifungu cha 37 kitaje bayana kwamba anayelipwa kwa gunia naye yumo. Hayo ni marekebisho ya aya mbili tatu, hayahitaji tume. Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, nasi tumekuwa hodari wa kile kipande cha kwanza.

Karatasi hiyo, naongeza, iwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini Sheria ya Ajira ilitungwa kwa Kiingereza, na nimekutana na wahitimu wa kidato cha nne wasioweza kukifasiri kifungu cha 37 hata wakisomewa mara mbili. Walimu wenzangu wanaotafuta kifungu cha ufahamu au zoezi la tafsiri kwa ajili ya darasa la juu wanaweza kuanzia hapo. Wengi wa wanafunzi hao watasimama kwenye lango fulani ndani ya miaka mitatu, na huko hakuna atakayewauliza kuhusu ngeli.

Turudi kwa yule bwana. Nilimpelekea jawabu nililolipata kwa kuuliza watu wanaozijua sheria. Daftari la mtoto ni ushahidi, lakini ni ushahidi mwembamba, maana upande wa pili utasema liliandikwa jana. Linahitaji kitu cha kulishika mkono. Nikamuuliza alikuwa akilipwaje. Miaka minne ya mwanzo, akasema, fedha taslimu mkononi. Miwili ya mwisho, kwa M-Pesa. Huduma hiyo ilianza mwaka 2007, mwaka uleule wa Sheria ya Ajira, na sidhani yeyote aliyeitunga sheria alifikiri kwamba simu ndiyo itakayomtolea kibarua ushahidi. Tulikwenda pamoja kuomba taarifa ya malipo. Zikatoka kurasa nyingi, jioni baada ya jioni, kutoka nambari moja, na tulipozilinganisha na madaftari mawili ya mwisho, siku baada ya siku, tarakimu zilikubaliana isipokuwa mahali pachache ambapo binti, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa na usingizi.

Sheria inampa mdai miaka mitatu tangu siku aliyoachishwa. Miezi iliyobaki si mingi. Nambari ile ya simu imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi, wala si la ghala wala la kampuni yoyote, na alipoipiga juzi mbele yangu iliita mpaka ikakata. Binti ameanza daftari la tano. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni idadi ya mara ambazo baba yake amepiga simu.